Ubeti wa Kobe

Siku Siwema aliposhuka kwenye basi la Iringa, mdogo wake Muhidini alikuwa amepungukiwa na mizani moja. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake barazani pa duka la Gulam, kanzu ya mtu imelala mapajani, vidole vyake vinapanda na kushuka: nane huku, nane huku, kila mshororo kumi na sita. Mshororo wa tatu ulimpa kumi na tano. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alikuwa amenakili mashairi kutoka magazetini, akayahesabu usiku na mchana mpaka sikio lake likaweza kupima neno kama Gulam anavyopima sukari. Mwenyewe alilijua hilo, na alitaka Mbeya nzima ilijue.

Dada yake alisimama mbele ya cherehani, furushi mkononi. Ilikuwa mwanzo wa Mei, mwaka wa hamsini na nne. Ukungu ulikuwa umeuvaa mlima Loleza kama kilemba na watu walipita wamejikunyata ndani ya makoti yao, lakini Siwema alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Mdogo wangu," alisema, "nina neno la hospitali. Nataka nikwambie kabla hatujafika nyumbani."

"Ngoja kidogo, dada. Nimalize mshororo."

Siwema akangoja. Gulam akatoka, akamsalimia, akarudi ndani. Fundi wa pili akamaliza kushona mfuko mzima. Mwishowe Siwema akaliinua furushi lake, akaenda nyumbani peke yake, maana njia aliijua. Neno lake hakulirudia, na Muhidini hakuliuliza. Mizani iliyopotea aliipata jioni ile, akafurahi sana.

Ndugu hao walikuwa wawili tu duniani. Mama yao alipofariki, Siwema alikuwa na miaka kumi na miwili na Muhidini mitano. Ndiye aliyembeba mgongoni, akamkaangia vitumbua, akavipeleka sokoni vingine ili mdogo wake apate daftari. Alikuwa msichana mtulivu kama maji ya mtungini. Alipoolewa na Makame wa Iringa, watu walisema Makame kapata nyumba yenye kivuli.

Lakini mwaka uliotangulia mtungi ulikuwa umechemka. Makame aliandika barua: mkewe amekuwa mkali, hulia bila kuguswa, hugomba na majirani, juzi alirusha kikaango. Alimwomba shemeji yake akae naye mwezi mzima wa Ramadhani ili moyo wake upoe. Akipoa, Makame atakuja kumchukua baada ya Idi. Asipopoa, hakuandika nini kitafuata, na Muhidini hakuhitaji kuandikiwa.

Kwa hiyo alimtazama dada yake kama mtu anayekagua nguo iliyorudishwa na mteja, akitafuta kasoro. Kasoro alizipata nyingi. Siwema alikula sahani mbili na bado mifupa ya mabega ilichungulia kwenye kanga. Alifungua madirisha wakati watu wanaota moto. Alfajiri alikwisha kufagia uwanja, na ukimpa sindano atunge uzi, vidole vilimtetemeka mpaka uzi ukapita kando ya tundu mara kumi. Macho yake yalikuwa yametoka, yameng'aa, kama ya mtu aliyeshtuliwa na hajapata nafasi ya kutulia. Shingoni alikuwa na uvimbe laini.

Uvimbe huo haukumshangaza Muhidini hata kidogo. Nchi ile ya milima, kila nyumba ya pili ilikuwa na mtu mwenye rovu. Wanawake walilifunika kwa ushanga, wazee walilikuna wakiwaza, wala hakuna aliyekufa kwa rovu. Yale mengine aliyaita kwa majina aliyoyajua: ulafi, haraka, na ulimi mrefu.

Ramadhani ikaingia.

Alasiri, watu wakingoja jua lizame, walikusanyika barazani pa Gulam. Hakuna kahawa, hakuna kashata, basi walishibishana maneno. Fulani hutupa fumbo, mwenzake hulifumbua au hurudisha kali zaidi. Windo lililopendwa kuliko yote lilikuwa kobe. Hivyo ndivyo wanavyomwita mtu anayekula mchana wa mwezi kwa kujificha, kwa sababu huvuta shingo ndani kila asikiapo hatua za mtu. Mgonjwa ana ruhusa, kila mtu anajua. Lakini hata mgonjwa hali hadharani. Hufunga mlango kwa heshima ya waliofunga, na hapo ndipo aliyeruhusiwa na mwizi wanapofanana.

Siku ya nne Muhidini alirudi nyumbani saa saba mchana kuchukua mkasi aliousahau. Alisukuma mlango wa chumba cha uani. Siwema alikuwa ameketi juu ya mkeka, bakuli la uji pembeni, kata ya maji mdomoni. Alishtuka hata maji yakamwagika kifuani.

"Muhidini," alisema, "hii ni..."

Hakungoja. Alichukua mkasi akaondoka, masikio yanamwaka.

Angeweza kunyamaza. Lakini alasiri ile Muharami kinyozi, ambaye alikuwa mshairi wa pili pale barazani na hakuukubali upili wake, alinyoosha miguu akasema kwa sauti ya mtu asiye na haraka kwamba kuna nyumba mtaani ambazo moshi wake haujui mwezi umeandama. Watu wakacheka. Hakutaja mtu. Muhidini aliona kesho itakuja na ubeti, ubeti wa Muharami, mbaya tena wenye vina vilivyochechemea, nao utamfuata mpaka kaburini. Akaona ni heri mtu ajikate mwenyewe kabla hajakatwa. Akainuka, akasafisha koo, na ubeti ukamtoka mzima mzima kama uliokuwa ukimngoja:

Kobe kaingia gamba, jua liko utosini,
Shingo yake imevimba, kwa vya siri mdomoni,
Macho kodo kama komba, ayatupa mlangoni,
Kobe, watu wanaomba, wewe watafuna ndani.

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Gulam mwenyewe alitoka ndani kuuliza kimesemwa nini. Waliomwona Siwema bombani hawakuhitaji kuambiwa ni nani mwenye shingo ile na macho yale. Wengine walimtazama Muhidini kwa heshima ya ajabu, kwamba huyu kijana haoni haya kumkata hata wa tumbo moja naye. Muharami aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Ubeti mzuri hauna kwao. Kesho yake wachunga ng'ombe waliuimba Iyunga. Keshokutwa uliimbwa na wanawake kwenye foleni ya bomba, na Siwema alikuwa katika foleni hiyo.

Jioni alimwandalia mdogo wake futari kama kawaida, tambi na maharage ya nazi. Alipokwisha kuweka sahani alisema, "Ubeti wako nimeusikia bombani. Una vina vizuri."

Muhidini, Mungu amsamehe, alisema ahsante.

Tangu siku hiyo Siwema alifunga. Uji wa mchana haukupikwa tena, mlango wa chumba cha uani ulikaa wazi kutwa ili kila apitaye aone mkeka mtupu. Muhidini aliona, akajivuna kimoyomoyo. Aliwaza kwamba maneno yamefanya kile ambacho mume na kikaango vilishindwa, na kwamba baada ya Idi Makame atakuta mke aliyepoa.

Kwa wiki mbili mambo yalikaa hivyo. Katika ya tatu Siwema alianza kukaa chini kila baada ya hatua chache, mkono kifuani, kama mtu aliyepanda mlima. Usingizi ulimkimbia. Alilia kwa sababu kifuniko cha sufuria kilianguka. Siku ya ishirini na saba alikohoa, homa ikapanda, na kufikia adhuhuri alikuwa akitapika, mwili unachoma kama kikaango kilicho motoni, akimwita marehemu mama yao na kumwambia asimwache mtoto karibu na moto. Muhidini alitambua kwamba mtoto huyo ni yeye. Akakimbia kwa Gulam kuomba gari.

Hospitalini wauguzi walidhani ni malaria kali. Aliyekuja akainamia kitanda na kusema sivyo alikuwa Jailos, mganga msaidizi, Mnyakyusa mwenye mvi na sauti ndogo. Alimjua mgonjwa kabla ya kuambiwa jina.

"Huyu ni wa vidonge," alisema. "Mara ya mwisho kumeza ni lini?"

"Vidonge gani?" aliuliza Muhidini.

Jailos akamgeukia taratibu. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake. Anakaa kwangu."

"Anakaa kwako."

Kazi ilikuwa nyingi. Daktari aliitwa. Walimfunika Siwema kwa mashuka yaliyoloweshwa maji baridi, wakamtundikia chupa ya maji ya chumvi, wakasaga vidonge na kumpa kwa kijiko, na baada ya saa moja wakampa matone ya dawa ya rangi ya kahawia ndani ya maziwa. Moyo wake ulipiga mara mia na sitini kwa dakika, na mapigo mengine yaliruka. Mtu aliyekaa mlangoni aliweza kuuona ukipiga shingoni mwake.

Muhidini alitumwa nyumbani akalete dawa zilizobaki. Alizikuta ndani ya kopo la majani ya chai, kando ya mkeka, zimefungwa katika karatasi ya hospitali ya Iringa. Kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka iliandikwa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, usiache hata ukijisikia mzima. Aliketi juu ya mkeka ule akahesabu vidonge. Hakuhitaji vidole. Vilivyobaki vilikuwa vingi kupita kiasi.

Usiku wa Idi homa ilishuka. Asubuhi, watu wakitoka kusali na kanzu mpya ambazo nyingi alizishona yeye, Jailos alimkuta Muhidini ameketi chini nje ya wodi, akamwita kwenye benchi.

Alimweleza kama mtu anayemweleza fundi. Shingoni mwa kila mtu kuna tezi ndogo, nayo ndiyo inayoamua mwili uende kwa mwendo gani. Rovu la wengi wa huku limelala tu, ni zito lakini halina ghasia. La dada yake halikulala. Limekuwa kama cherehani ambayo mguu wa mtu asiyechoka unaikanyaga usiku na mchana. Uzi unakatika, sindano inapata moto, kitambaa kinaliwa. Ndiyo maana alikula asinenepe, akatoa jasho penye baridi, mikono ikatetemeka, akawa mkali. Hakuwa na tabia mbaya. Alikuwa na mwendo asioutaka.

"Na vidonge?"

"Vidonge havishoni nguo. Vinashika gurudumu tu. Ukiachia, linarudi kule kule. Wakati mwingine linakimbia kuliko mwanzo, hasa ukiongeza kikohozi na njaa. Na hayo ndiyo tuliyoyaona."

Jailos akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Alikuja hapa wiki ya kwanza ya mwezi. Nikamwambia, mimi ni Mkristo, lakini nadhani shehe wenu atakwambia mgonjwa hana saumu. Akacheka, akasema bwana mganga, hata mimi nimesoma, nina ruhusa, nitalipa siku zangu nikipona. Alikuwa na furaha. Sasa, nani alimgeuza?"

Muhidini aliyatazama maneno yake yote, yale mengi aliyokuwa nayo, akachagua lililo jepesi. Akasema ni kwa ajili ya mwezi tu. Jailos akavaa miwani. Kama aliujua ubeti, hakusema.

Akamfundisha kushika mkono wa dada yake, vidole vitatu chini ya kidole gumba, kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, na kuhesabu dakika nzima kwa saa. Aandike. Mapigo yakipanda siku tatu mfululizo amlete. Koo likiuma au homa ikija, asimpe kidonge kingine, amlete saa hiyo hiyo, maana dawa yenyewe nayo ina hasira yake. Huenda ikachukua mwaka na nusu. Kuhusu upasuaji, daktari hatathubutu sasa, kwa moyo ule. Kuhusu macho, Jailos alisema ukweli: pengine yatarudi kidogo, pengine yatabaki hivyo.

Kwa hiyo, Siwema aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Muhidini akaanza kuhesabu upya. Alitumia saa ya mfukoni ya marehemu baba yao. Mia na thelathini. Mia na ishirini na sita. Mia na kumi na nane. Aliandika katika daftari lile lile la mashairi, kwa sababu hakuwa na jingine.

Siku ya nane baada ya Idi barua ya Makame ilifika dukani. Ilikuwa fupi, yenye mashahidi wawili, na ndani yake ilikuwa talaka moja. Muhidini aliificha. Talaka moja bado ina mlango, eda haijaisha, na mume akitaka huweza kumrejea mkewe kwa neno tu. Alimwachia jirani yao Apolonia, ambaye alikuwa mkunga na mwaminifu wa saa, ratiba ya vidonge, akapanda basi la Iringa.

Alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye kope. Makame alikuwa na kibanda cha kuziba matairi mahali malori yanapopumzikia, chini kidogo ya mji. Alimkaribisha shemeji yake vizuri, akamletea maji ya kunawa, akamweka kwenye gogo la heshima. Muhidini akaeleza kila kitu alichoelezwa na Jailos: tezi, cherehani, gurudumu. Aliona kwamba anaeleza vizuri.

Makame alisikiliza, mpira wa tairi mikononi. "Aliniambia ana rovu," alisema. "Nikacheka. Mama yangu alikuwa nalo kama chungu, na alinibeba mimi na ndugu zangu wote. Ningejua, shemeji. Wallahi ningejua, nisingemtoa nyumbani kwangu."

"Basi sasa umejua. Eda bado."

"Sasa nimejua, lakini wenzangu hawajui. Kaa hapa kutwa, uwasikilize madereva wanaotoka kwenu. Kila lori linashuka na ubeti." Akauimba, kwa sauti nzuri, mishororo yote minne, hakuangusha mizani hata moja. "Nilipousikia mara ya kwanza nilitaka kupigana. Nikasema ni uzushi. Dereva akaniambia, tulia, bwana, aliyeutunga ni mtu anayelala nyumba moja naye. Sikuamini. Nani huyo? Wewe unamjua?"

Lori lilipita, likawafunika kwa moshi. Muhidini angeweza kusema Muharami. Jina lilikuwa pale, tayari, na safari hii lingemfaa kila mtu.

"Ni mimi," alisema.

Makame aliuweka mpira chini. Aliposema hakukuwa na ukali katika sauti yake, ingawa Muhidini angeupenda ukali kuliko kile alichokisikia.

"Basi shemeji, unanitaka nini? Ndugu yake amesimama barazani akatoa ushahidi kwa vina. Nikimrejea leo wataniimbia mimi. Wewe uende kila mahali ulipofika ubeti wako, uwaambie sivyo. Ukimaliza, rudi."

Akamsindikiza mpaka kwenye basi, akampa mkungu wa ndizi wa kumpelekea mgonjwa.

Njiani, kutoka Iringa mpaka Chimala, Muhidini alitunga ubeti wa kujibu ule wa kwanza. Ulisema kobe hakuwa kobe, alikuwa mgonjwa mwenye ruhusa, na aliyemsema ndiye aliyekula, maana alikula nyama ya nduguye. Vina vilikaa. Mizani ilitimia. Alisimama akaughani barazani pa Gulam alasiri ya kwanza, mbele ya watu wote, akaurudia mara mbili. Watu waliitikia vizuri, wakasema Mungu ampe nafuu. Muharami alimshika mkono. Kisha wakaanza kuzungumza habari za bei ya kahawa. Bombani hakuna aliyeuimba. Wiki nzima alitega sikio kwenye malori yanayoelekea Iringa, na alichokisikia kilikuwa kobe, gamba, na komba.

Asubuhi moja, eda ikiwa imebaki siku chache, alimweleza dada yake yote: barua, Iringa, na maneno ya Makame. Siwema alikuwa bado kitandani, nywele zimefungwa. Uso ulikuwa umeanza kujaa. Macho hayakurudi.

Alisikiliza bila kulia. Kulia bure kulikuwa kumemwachia. Kisha akamwomba amsomee ubeti wa pili, ule aliotunga njiani. Muhidini akausoma kutoka kwenye daftari, ukurasa uliokuwa katikati ya mapigo ya Juni na mapigo ya Julai.

"Huu ni wa kweli," alisema Siwema baada ya kuufikiri. "Lakini hauimbiki, mdogo wangu. Ule mwingine ulikuwa unaimbika."

Muhidini akalifungua daftari kwenye ukurasa wa mapigo.

"Haya," dada yake alisema, akamnyooshea mkono juu ya blanketi. "Hesabu, nipate kuinuka."

Akaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba chake, akaitazama saa ya baba yao. Nje watoto wa kuchota maji walipita wakiimba, akapotewa na hesabu, ikabidi aanze tena mwanzo.

"Ngapi?"

"Tisini na sita."

"Andika," Siwema alisema, akainuka kwenda kuchemsha uji.